Maji yanatokota lakini kipimajoto kimekwama kwenye 93: niwaelezeje wanafunzi?

MwalimuWaBaridi

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha fizikia Kidato cha Pili katika shule moja ya Njombe, na juma lililopita nilipata aibu ndogo mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba maji huchemka yakifika nyuzi joto 100 za sentigredi, kisha nikabandika sufuria kwenye jiko la mkaa na kumpa mwanafunzi kipimajoto. Maji yalitokota mpaka yakarukia makaa, lakini kipimajoto kiligoma kwenye 93. Nikaleta cha pili, nacho kikasoma hivyo hivyo. Darasa likaamua kwamba vyote viwili ni vibovu. Mmoja akashauri tuchochee moto. Tukachochea, maji yakapungua karibu nusu, na kipimajoto hakikupanda.

Sababu naijua: tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa huku ni mdogo. Tatizo ni kwamba nilipoitamka sentensi hiyo, waliiandika daftarini kama walivyoiandika ile ya 100, bila swali. Ni binti mmoja tu aliyeuliza kama hiyo ndiyo sababu maharage ya bibi yake hushinda jikoni kutwa, ilhali ya shangazi yake wa Dar es Salaam huiva kabla ya adhana ya adhuhuri. Nianzie wapi?

FundiMizani

Mwalimu, binti huyo ameshakuonyesha pa kuanzia, ila kabla ya maharage waulize kwanza ndani ya kiputo mna nini. Wengi watajibu kwamba mna hewa, na hawatakuwa wamekosea kabisa, kwa sababu viputo vidogo vinavyojishika mapema kwenye kuta za sufuria ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Vile vikubwa vinavyopanda kutoka chini maji yanapotokota ni mvuke, yaani maji yenyewe yaliyogeuka gesi, na kiputo cha namna hiyo hakiwezi kudumu isipokuwa mvuke uliomo ndani yake unasukuma kwa nguvu inayotosha kuihimili hewa inayoukandamiza uso wa maji. Pwani hewa hukandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, na mvuke hufikia nguvu hiyo kwenye nyuzi 100. Kwenu ni kama kilopaskali 80 tu, kwa hiyo nyuzi 93 zinatosha.

Sasa waonyeshe. Chukua bomba jipya la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, uvute ndani yake maji ya nyuzi 70 hivi mpaka robo, utoe hewa yote, uzibe mdomo wake kwa kipande cha mpira, kisha uvute mchi kwa nguvu. Maji yatatokota mkononi mwako bila moto wowote, na ukiuachia mchi yatanyamaza papo hapo. (Fanya mwenyewe, maji ya nyuzi 70 yanaunguza.) Usiwaeleze lolote. Waulize tu kama umeyaongezea joto.

Kuhusu kuchochea moto, wape hesabu. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 93 kunahitaji kama kilojuli 305, lakini kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,250. Maji yakishachemka, mkaa unaoongezwa huishia kwenye mvuke, wala hauliivishi harage mapema zaidi. Ni afadhali kupunguza moto na kufunika sufuria.

KijanaWaMbeya

Shikamooni walimu. Mimi bado niko chuo cha ualimu. Nyumbani tuliambiwa tuweke chumvi mapema ili maji yapate moto zaidi. Si kweli kwamba chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka?

BiKemia

Marahaba mwanangu. Ni kweli hupandisha, lakini piga hesabu kabla ya kuimwaga. Gramu 58 za chumvi katika lita moja ya maji hupandisha kama nyuzi moja tu. Kurudisha nyuzi saba zilizopotea Njombe ungehitaji gramu zaidi ya 300 kwa kila lita, na chakula hicho hakuna atakayekila.

Bibi zetu walikuwa na dawa nyingine, nayo ni magadi. Seli za harage zimegandishwa pamoja na kitu kiitwacho pektini, na kuiva maana yake hasa ni pektini hiyo kulegea na kuyeyuka. Mmenyuko huo hupungua kasi sana joto likishuka kidogo, ndiyo maana nyuzi saba zinagharimu saa nzima-nzima za kuni. Magadi hufanya maji kuwa ya kibesi, yaani kinyume cha asidi, na pektini hulegea upesi zaidi. Maji ya kisima yenye kalisi nyingi hufanya kinyume, kwa kuwa kalisi huishikiza pektini, na asidi pia huichelewesha, ndiyo maana mpishi mzoefu haweki nyanya mpaka maharage yameiva. Weka masufuria matatu: maji matupu, maji yenye magadi kidogo, na maji yenye ndimu. Waonye tu kwamba magadi mengi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

MbeguNaMizizi

Naongeza la biolojia. Harage kavu likilowekwa usiku kucha hukaribia kuongezeka uzito maradufu, na walimu wengi hukimbilia kuliita jambo hilo osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea penye vitu vingi vilivyoyeyuka. Mwanzoni sivyo: wanga na protini zilizokauka ndizo zinazofyonza maji, kama ubao mkavu unavyofura mvua ikiunyeshea. Mengi hupitia upande wa jicho la harage. Paka nta ya mshumaa kwenye macho ya maharage kumi, acha kumi mengine wazi, yaloweke yote, kisha uyapime kila baada ya saa moja.

Nina tahadhari moja kuhusu bibi na shangazi. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva popote yapikwapo, na maji ya bomba la Dar es Salaam si maji ya kisima cha Njombe. Tofauti za majiko hayo mawili ni nyingi mno kuyabebesha mawingu ya Njombe lawama yote.

MwalimuWaBaridi

Nawashukuru nyote. Bomba la sindano lilifanya kazi kwenye jaribio la pili (la kwanza nilisahau kutoa hewa), na darasa lilinyamaza kwa muda ambao sijawahi kuushuhudia. Swali la kwanza lilikuwa kama maji yanayochemka kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mtu anaweza kuyatia mkono. Nikawaambia kwamba pale yanachemka kwenye karibu nyuzi 81 na yanababua vizuri tu.

Nilipowasomea tahadhari ya MbeguNaMizizi, binti yule alitaka kulimaliza jambo mwenyewe. Bibi yake amegawa kilo moja kutoka gunia moja, na Ijumaa nusu kilo itapanda basi kwenda kwa shangazi pamoja na chupa mbili za maji ya kisima na maagizo ya kutoweka magadi. Kilichobaki ni kumpata shangazi mwenye saa.