Honi ya Probox imenyamaa, lakini chini ya boneti nasikia "tik"

Muuza samaki, Malindi

Assalaam aleikum. Nina Probox ninayochukulia samaki Ngomeni alfajiri na kuwaleta sokoni Malindi. Honi ilianza kupwelewa na sauti kama mtu mwenye mafua, siku baada ya siku, kisha ikanyamaa kabisa. Nikibonyeza usukani hakuna mlio, ila mtu akisimama mbele boneti ikiwa wazi asikia "tik". Taa zote zawaka, gari lapiga stata vizuri. Fyuzi niliichomoa nikaitazama, kijiwaya chake ni kizima.

Fundi mmoja ameniambia usukani ufunguliwe na ninunue honi mpya. Sitaki kutoa pesa kwa kubahatisha. Na bila honi siwezi kukaa. Kutoka Gongoni hadi njia ya kuingia Mambrui, saa ile watoto wa madrasa wavuka barabara na bodaboda zachomoka vichochoroni bila kutazama. Nianzie wapi?

Dereva wa tuktuk, Malindi

Dada, hiyo itupe. Funga honi ya upepo kama za matatu, utasikika mpaka Watamu. Waya si upo tayari?

Fundi waya, Malindi

Waaleikum salaam dada yangu. Usukani usiguswe. Hiyo "tik" imekwisha kukwambia mengi.

Umeme wa kuliza honi haupiti kwenye usukani. Kitufe chaunganisha tu waya mwembamba na bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi, rilei (swichi ndogo inayovutwa kwa umeme) inavutwa, na rilei ndiyo inayofungulia honi umeme kutoka kwenye betri. Weka kidole juu ya rilei ya honi, mwenzio abonyeze. Ukiisikia ikigonga, basi kitufe ni kizima na nyaya za ndani ya usukani ni nzima. Ugonjwa uko kuanzia rilei kuelekea mbele. Kama kwenye sanduku la fyuzi kuna rilei nyingine yenye umbo na namba zile zile, zibadilishane nafasi uone, ni kazi ya dakika moja.

Halafu nenda kwenye honi yenyewe, nyuma ya grili. Honi za Toyota nyingi zina waya mmoja tu, na watu wakiona hivyo hudhani wa pili umekatika. Haukukatika. Upande wa hasi wapitia kile kibati kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi, na hapo ndipo chumvi yetu inapopenda kula. Gari linalolala ufukweni, kusi likivuma, hufanya kutu baina ya kibati na bodi. Umeme ukikosa njia ya kurudi, honi hufifia kwanza, kisha hunyamaa. Wewe mwenyewe umesema ilipwelewa kabla ya kufa. Fyuzi ikifa hufa mara moja, haifi kidogo kidogo.

Chomoa waya wa honi. Taa ya kupimia, mguu mmoja uguse waya ule, wa pili uguse hasi ya betri, kisha mtu abonyeze usukani. Ikiwaka vizuri, umeme wafika. Rudisha waya mahali pake, chukua waya mwingine uunganishe hasi ya betri na kile kibati cha honi, mtu abonyeze tena. Ikilia, honi ni nzima na dawa yako ni kipande cha msasa. Fungua bolti, kwangua kibati na bodi mpaka chuma king'ae. Isipolia hata hivyo, pointi za ndani ya honi, pale umeme unapogusana, zimeliwa, na hapo nunua nyingine kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu honi ya upepo, ndugu yangu wa tuktuk, ile ina mota yake na yavuta umeme mwingi kuliko ya kawaida. Ukiifunga kwenye waya ule ule fyuzi itaungua, na mtu akichoka kununua fyuzi huweka kubwa zaidi. Nimeona nyaya zilizoyeyuka kwa mtindo huo. Fyuzi iliyoandikwa 10 irudishiwe 10.

Dereva, Mokowe

Fundi amesema kweli. Huku magari hulala karibu na gati wenyewe wakiwa ng'ambo Lamu, na kutu ni ile ile.

Langu lilikuwa kinyume cha lako, hakukuwa na "tik" yoyote, na taa ya mfuko wa hewa iliwaka kwenye dashibodi wakati ule ule honi ilipokufa. Likiwa hivyo, tatizo huwa ni ule utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani, kwa sababu honi na mfuko wa hewa zote zapita humo. Hapo asiingie mtu na bisibisi kwa kujaribu. Hasi ya betri ichomolewe, zisubiriwe angalau sekunde 90, na afungue fundi anayeijua kazi hiyo. Mfuko ule ukifumuka mtu ameinamia usukani, wamuumiza vibaya.

Muuza samaki, Malindi

Shukran sana nyote. Taa ya kupimia iliwaka, na nilipounganisha hasi na kibati honi ikalia ile sauti yake ya zamani! Bolti ilikuwa imeshikana na kutu, tukaitilia mafuta ikaachia. Sasa grisi nipake kabla ya kufunga au baada? Na mdomo wa honi umetazama juu, ni sawa?

Fundi waya, Malindi

Alhamdulillahi. Grisi baada ya kufunga, chuma kigusane na chuma kwanza. Mdomo uelekeze mbele na chini kidogo, maji yasitulie ndani. Ukiosha gari tumia maji matamu, na usielekeze mpira kwenye honi. Na maji ya barafu ya samaki yana chumvi vilevile. Kama yavuja kule nyuma, zikague bolti za hasi za taa za breki wiki hii hii.