Wakuu, natakiwa milioni 2.8 kuijenga upya chapa ya asali yangu. Nitoe au niache?

MrinaWaPili

Habari za jioni wakuu. Siku zote mimi ni wa kusoma na kupita, leo nimekwama, naomba mnishike mkono.

Nauza asali tangu 2021, nipo Tabata, Dar. Mzigo unatoka Sikonge, Tabora, kwa mjomba wangu aliyerithi mizinga kwa baba yake. Ya magogo bado anayo, ila siku hizi mingi ni ya masanduku. Asali ni ya misitu ya miombo, nzito, ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siichanganyi na kitu chochote, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

2023 nilikuwa nafikisha chupa 300 za nusu lita kwa mwezi, shilingi 9,000 kwa chupa. Sasa hivi nikifika 140 namshukuru Mungu. Mtaani wamezuka wauzaji wengine wanne, mmoja anauza 6,000, anaipata wapi kwa bei hiyo mimi sijui.

Nikamwendea kijana mmoja wa mambo ya matangazo. Akazitazama chupa zangu, akacheka. Akasema ugonjwa wangu ni chapa. Dawa: jina jipya, nembo mpya, ukurasa mpya wa Instagram, picha za kitaalamu, na kitabu cha "mkakati wa chapa" kurasa 40. Shilingi 2,800,000, nusu kabla hajaanza.

Hela hiyo ninayo, lakini ndiyo ya kununulia mzigo wa mavuno yajayo. Jina ninalotumia sasa ni la Kiingereza, maneno manne, na nyuki wa njano pembeni. Nitoe, au kuna njia nyingine? Matusi pia napokea.

Bodaboda Mstaafu

Kurasa 40 za kuuza asali? Nyuki wenyewe wanajua haya? Naweka kambi hapa.

Mzee wa Hesabu

Kijana, kabla hujatoa hata mia, nijibu hili. Katika hizo chupa 140, ngapi zimenunuliwa na mtu ambaye alishawahi kununua kwako? Usikisie. Fungua ujumbe wa miamala kwenye simu, rudi nyuma miezi 3, chukua daftari, andika kila namba iliyokulipa na imekulipa mara ngapi. Kando yake andika kila lalamiko unalolikumbuka, hata la kijinga.

Kama watu wananunua mara moja hawarudi, nembo mpya itakuletea wengine wa kununua mara moja. Utakuwa umelipa milioni 2.8 kuwaonjesha watu asali.

Mama Unga

Mdogo wangu, mimi nipo Morogoro, nauza unga wa lishe. Kuna mwaka nilibadilisha pakiti mara tatu, kila nikiona ya mwenzangu inang'aa na mimi nabadilisha. Siku moja nimeingia duka ninalopeleka mzigo, mteja wangu wa miaka miwili ananiuliza, "Mbona siku hizi huleti?" Pakiti zangu zipo nyuma ya kichwa chake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hebu tuambie, chupa zako zikoje?

MrinaWaPili

Dada yangu, kusema kweli ni mchanganyiko. Kuna za plastiki za duara, kuna za kioo nikipata, na zikiisha huwa natumia za maji ya kunywa, naziosha vizuri lakini.

Mama Unga

Haya basi, tumempata mwizi.

Fundi Chata

Mimi hizi kazi za nembo na lebo ndizo zinanilisha, kwa hiyo wengine mtaniona namtetea mwenzangu. Milioni 2.8 siyo wizi kama ndani yake kuna jina, nembo, lebo, picha na ukurasa. Ila kwa hali uliyoieleza, umeenda kununua suti na viatu bado huna.

Asali ina tatizo ambalo sabuni haina. Mteja wa Dar akiiona asali, kitu cha kwanza kichwani ni "hii imetiwa sukari." Anawasha kiberiti, anaimwaga mchangani, anaangalia kama sisimizi wanakuja, na vipimo vyote hivyo havithibitishi kitu. Sasa mtu mwenye wasiwasi namna hiyo unampa asali kwenye chupa ya maji? Chapa ya asali ni mtu kuamini kwamba chupa ya pili itakuwa sawa na ya kwanza. Chupa moja, kifuniko kimoja chenye utepe wa kukatika, lebo moja, mwaka mzima. Hapo ndipo nembo inaanza kufanya kazi.

Nyuki wa njano mtoe. Nenda Sabasaba, meza zote za asali zina nyuki wa njano, ukisogea hatua tatu huwezi kuzitofautisha. Angalia saruji: Twiga, Simba, Tembo. Fundi ambaye hasomi lebo kabisa anapiga simu anasema "niletee Twiga mifuko 10", biashara imeisha. Jina lako la maneno manne nani ataliagiza kwa simu?

Na yeyote atakayekuchorea, mwambie akupe faili lenyewe la vekta, lile ukilikuza hadi bango halivunjikivunjiki. Wengi wanakupa picha tu, kesho ukitaka kuprinti unarudi kwake kumlipa tena.

Karani wa Sheria

Mkuu Fundi, kwenye jina twende taratibu. Kampuni ya simu ya Celtel iligeuka Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Mwishoni mwa 2024 Tigo nao wakawa Yas. Wale wana hela za kupaka rangi kila kibanda nchi nzima, na bado mtaani watu wanasema "nitumie kwenye Tigo Pesa." Huyu ana lebo mia tano. Akibadilisha jina ghafla, hata wale wa chupa 140 atawapoteza.

Fundi Chata

Umenisaidia hoja, Karani. Celtel ilipobadilika wewe ulihama? Namba yako ya 0784 ilibaki ileile, ukabaki. Huyu naye abakishe namba ya simu, achague chupa moja asiibadilishe, na kwa mavuno mawili lebo iandikwe jina jipya kubwa na la zamani dogo chini yake.

Karani wa Sheria

Hapo sawa, nakubali. Lakini usilitaje jina jipya humu ndani kabla hujalipeleka BRELA, wale wakala wa serikali wa usajili wa biashara, watu wanasoma kimya kimya. Na uelewe kitu ambacho wajasiriamali wengi wanachanganya: kusajili jina la biashara siyo kusajili alama ya biashara. Jina la biashara linakuwezesha kufungua akaunti na kupata leseni. Kinachomzuia mwingine asibandike nembo kama yako ni alama ya biashara, na hiyo inaombwa peke yake, palepale BRELA, kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Bidhaa zimegawanywa kwa madaraja, asali ipo daraja la 30. Ikisajiliwa inaishi miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Usipoteze ada kuomba "Asali Safi" au "Asali ya Tabora." Safi ni sifa, Tabora ni mkoa, kila mwenye mzinga ana haki ya kuyasema. Tafuta neno ambalo halielezi asali kabisa.

Kidawa

Assalaam aleikum. Kaka'angu nakuongezea hapo. Ukisajili BRELA ulinzi wako ni wa bara tu. Huku Unguja tuna BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara, ni maombi mengine na ada nyingine. Nayasema haya kwa kuwa rafiki yangu wa viungo alikuja kuuza huku na alama yake ya bara, akaikuta imeshaandikishwa na mtu mwengine. Ikiwa una nia ya mahoteli ya huku, fikiria mapema.

Mwana wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mwasema chapa kama kitu kilicholetwa juzi na vijana wa kompyuta. Bibi zetu walikuwa wakigeuza upindo wa kanga kutafuta maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla" kabla ya kutoa pesa. Kaderdina Hajee Essak, duka lao Biashara Street. Maua yabadilika, jina la kanga labadilika kila toleo, lakini yale maandishi madogo yako palepale. Wengine wakaja na mali ya fulani, mali ya fulani. Mama akiona Mali ya Abdulla ajua kitambaa kitamfikisha wapi. Bwana Mrina, wewe "mali ya Abdulla" yako ni ipi?

MrinaWaPili

Wakuu, nimekesha na daftari. Mzee wa Hesabu umenivua nguo.

Miezi 3, chupa 410. Namba zilizolipa ni 131. Zilizojirudia ni 22 tu, na hizo 22 zimechukua chupa 190. Nikazipigia moja moja kuwashukuru. Wanne kati yao wakaniambia bila kuficha kwamba wananunua kwangu, wanabandua lebo, wanabandika zao. Mmoja anauza 15,000 huko Mbezi Beach. Akanisifia kabisa: "Asali yako haijawahi kuniangusha."

Malalamiko niliyoyakumbuka ni 12. Saba ni asali kuganda, wakasema ni sukari. Manne ni rangi, kwamba safari hii nyeusi, safari ile ya dhahabu, kwa hiyo nimechanganya. Moja kifuniko kilivuja kwenye mkoba wa mtu.

Bodaboda Mstaafu

Kwa hiyo chapa unayo, ila ipo Mbezi Beach kwa jina la mtu mwingine 😂

Mzee wa Hesabu

Usiwagombeze. Hao wanne wauzie kwa ndoo za lita 20, bei ya jumla, bila lebo yako, kila mtu ajue anachonunua. Watakulipia nauli ya mzigo. Chupa iliyobandikwa jina lako iwe ya anayekula mwenyewe.

Na tazama malalamiko yako: 11 kati ya 12 siyo makosa ya asali. Ni mambo uliyoyajua wewe ukanyamaza.

Mama Unga

Hapo kwenye kuganda andika kwenye lebo, kwa Kiswahili, herufi za kuonekana: asali ikiganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe. Andika pia mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali. Watu watajua wanashughulika na mtu anayeijua bidhaa yake.

Rangi nayo usiifiche. Mjomba anarina mara ngapi kwa mwaka?

MrinaWaPili

Mara mbili. Mavuno makubwa katikati ya mwaka, madogo kuelekea mwishoni. Kila msimu maua yake, ndiyo maana rangi inatofautiana.

Mama Unga

Basi ziuze kama asali mbili. Andika Sikonge, andika mwezi iliporinwa, andika namba ya toleo. Mteja akija kusema "nataka ile nyeusi", huyo umeshampata.

Mpima Mizani

Nipo kwenye vipimo, nimesoma uzi wote hamjagusa kitu kimoja. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4. Nusu lita yako ni kama gramu 700. Kwenye rafu za maduka makubwa chupa nyingi ni gramu 500, yaani kama mililita 350. Mteja anaona "500" huku na "500" kule, anadhani ni sawa, kumbe wewe unampa mara moja na robo na zaidi kwa 9,000. Andika gramu. Au toa chupa ya gramu 500 kwa bei yake, acha kugawa bure.

Nunua na kipimo kidogo cha unyevu, kile cha kutazama kwa jicho moja. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji itakuja kuchacha chupani, na jina zuri kiasi gani halitakuokoa. TBS, shirika la viwango, umefika?

MrinaWaPili

Nilianza, nikaishia njiani. Niliambiwa chumba changu cha kufungashia hakifai.

Mpima Mizani

Pita SIDO kwanza, wale wa viwanda vidogo, wakushauri kuhusu chumba, wakupe barua ya utambulisho, ndipo uende TBS. Usiende mikono mitupu.

MrinaWaPili

MREJESHO, miezi 4 baadaye. Samahani kwa ukimya, mama alikuwa anaumwa.

Milioni 2.8 sikutoa. Yule kijana tulielewana anifanyie nembo na lebo tu, faili la vekta nimelishika mkononi. Hakuna nyuki. Kuna gogo la mzinga limening'inia mtini, mjomba alipoiona akauliza nani amemchorea mti wake. Jina ni neno moja la Kinyamwezi, sitalitaja mpaka BRELA wamalize. Nimeanza na chupa moja ya kioo, gramu 500, na ilinitoa jasho maana mwenye kiwanda hauzi chini ya katoni kadhaa, hela ya mzigo ikakatika. Mwezi wa kwanza niliuza chupa 96. Nilitaka kufuta uzi huu.

Mwezi uliopita 168, kwa 8,500. Ndoo kwa wale wanne zinaenda kando, mmoja kanikimbia kwa sababu ya bei. Kuganda bado wanalalamika, ila sasa nawajibu "soma pembeni ya chupa", wanacheka. Chumba nimepiga vigae, TBS bado nasubiri wakaguzi.

Mzee wa Hesabu

Namba zilizojirudia?

MrinaWaPili

41, mzee wangu.

Kidawa

Hongera kaka'angu. Nina mgeni anakuja huku Ijumaa, nimpe hela anichukulie chupa mbili. Ile nyeusi.

MrinaWaPili

Nyeusi imekwisha dada, hadi mjomba arine tena. Nikuandike kwenye daftari?