Msaada: Ibanez AF75 iliyotumika, ninunue? Na nianze kubadilisha nini?

SoloTabora
Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini. Kuna Ibanez AF75 iliyotumika inauzwa 850,000, na muuzaji ameniachia niijaribu hadi Jumamosi. Ni gitaa la tumbo tupu kabisa, halina gogo katikati, na daraja lake (kile kipande kinachobeba nyuzi) limekaa juu ya ubao bila skrubu. Nataka sauti nene ya jazz, isiyo na makali.

Hali yake ni hii: limefungwa nyuzi nyembamba za inchi 0.009. Uzi wa tatu unakwaruza kila freti (vile vyuma vya shingoni), hata ukiwa wazi, yaani bila kubanwa. Nikityuni uzi wa sita ukiwa wazi, kwenye freti ya 12 unapanda senti 18 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni). Mngurumo wa umeme ni uleule, niguse nyuzi nisiguse. Nikiongeza volyumu, gitaa linavuma lenyewe.

Nina 250,000 ya marekebisho. Wengi wananiambia nianze na pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Mnasemaje?

FundiUjiji
Kaka, pikapu ziache kwanza. Uliyoyataja yote hayatokani na pikapu. Tangulia kulikagua kama mnunuzi, maana kuna makosa mawili hayatengenezeki kwa 250,000 yako: shingo iliyokwama na ubao wa juu uliobonyea.

Ubao: simamisha rula ubavuni mwa daraja, uangalie kama mwinuko wa mbao ni uleule pande zote mbili. Washa tochi ya simu, uchungulie kwenye tundu la f, lile lenye umbo la herufi hiyo kwenye ubao wa juu. Utaona mbao mbili ndefu zilizogundishwa chini ya ubao. Gonga juu yake taratibu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mkavu wa kitu kilicholegea, gundi imeachia. Plaiwudi haipasuki ovyo, ila gundi ya ndani huachia gitaa likikaa chini ya bati lenye joto.

Shingo: bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Tumia kipande cha uzi wa kwanza wa zamani kama kipimo, hiyo 0.009 ni karibu milimita 0.23. Kikipita kwa kugusa kidogo, shingo iko vizuri.

Mngurumo: mita ya umeme iweke kwenye omu. Mguu mmoja kwenye mkia wa chuma unaoshika ncha za nyuzi, mwingine kwenye chuma cha nje cha tundu la waya. Isomeke karibu na sifuri. Isiposoma kitu, waya wa ardhi unaokwenda kwenye mkia umekatika au haukuwahi kuunganishwa.

Reli_ya_Kati
Naongezea hapo kwa fundi. Ukishika nyuzi huku mdomo umegusa maikrofoni na ukapigwa shoti, hilo si kosa la gitaa. Ni ardhi ya jengo au ya ampu. Acha kupiga mpaka fundi umeme aangalie soketi.

Uzi wa tatu: bonyeza kwa kidole kile kitako kidogo cha chuma ambacho uzi unakalia kwenye daraja, halafu upige. Ukinyamaza, skrubu yake imelegea. Tone moja la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu linatosha, usiweke gundi.

SoloTabora
Shukrani sana. Ubao uko sawa, mbao za ndani hazina mlio mkavu. Kwenye mkia mita haisomi chochote. Kitako cha uzi wa tatu nilipokibonyeza mkwaruzo uliisha. Ila shingo: kipande cha uzi wa nne wa zamani, ule wa 0.024, kinapita chini ya uzi bila hata kugusa. Kutoka freti ya 12 hadi darajani napata milimita 311.

FundiUjiji
0.024 ni milimita 0.6. Hiyo ni kubwa, na nyuzi zenyewe ni nyembamba! Ukifunga 0.012 shingo itavutwa zaidi. Kwa hiyo jambo la kuamua ununue au uache ni moja: chuma cha ndani ya shingo kinafanya kazi? Muombe muuzaji ruhusa. Legeza nyuzi, fungua kifuniko cha kichwani, kaza kwa mwendo wa saa robo mzunguko, tyuni tena, subiri dakika 20, upime. Ikishuka hata kidogo, chuma ni kizima. Kikiwa kigumu na nafasi haibadiliki, rudisha gitaa. Usilazimishe, kikikatika humo ndani ni kufungua shingo.

Sasa 311. AF75 ina urefu wa uzi wa milimita 628, yaani nusu yake ni 314. Daraja limesogezwa mbele milimita 3, ndiyo maana freti ya 12 inapanda. Na hata 314 haitoshi, kwa sababu ukibana uzi unauvuta na sauti inapanda. Upande wa uzi wa kwanza anzia karibu 316, upande wa sita karibu 318, kisha tyuna (kipima tyuni) ikumalizie. Sauti ya freti ya 12 ikiwa juu, rudisha daraja kuelekea mkia. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingo. Kila ukisogeza legeza nyuzi, usikwaruze rangi.

Mwanga_Ridhimu
Mimi nipo Kigoma, na hapa sikubaliani na wanaosema nyuzi ni jambo dogo. Kwenye gitaa hili nyuzi ndizo sauti. Daraja lisilo na skrubu linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake, 0.009 haina mkandamizo, ndiyo maana vitako vinacheza na daraja linahama. Funga nyuzi bapa (zenye uso laini) 0.012 hadi 0.052, uzi wa tatu uwe wa kuzungushiwa, 0.024. Zinaua ule mlio wa vidole kuteleza na zinapunguza makali. Kama unapiga pia solo za dansi huko juu, chukua 0.011 hadi 0.050, vidole havitachoka. Agiza Dar zije kwa basi.

Tahadhari: uzi wa tatu wa 0.024 hauingii kwenye mfereji wa nati uliochongwa kwa 0.016. (Nati nasema ile ya juu, karibu na funguo.) Utakaa juu, utang'ang'ania, kisha utasema gitaa halishiki tyuni. Chukua kipande cha uzi wa zamani wa kuzungushiwa, kizungushie msasa laini namba 400, upanue mfereji kwa kwenda na kurudi. Panua ubavu tu, usishushe kina. Ukibana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, juu ya freti ya 1 ibaki nafasi ya kupita karatasi.

Baada ya hapo ndipo ushushe pikapu ya shingoni. Bana freti ya mwisho, upande wa besi uache milimita 3, upande wa nyembamba 2 na nusu. Potensiometa ya toni (kile kirekebishi cha kuzungusha) ikae kati ya 4 na 6. Wanaokimbilia kununua pikapu mara nyingi hawajawahi kushusha waliyonayo.

SoloTabora
Chuma kimekubali! Baada ya robo mzunguko kipande cha 0.024 sasa kinagusa. Nalinunua. Bado waya wa ardhi na ule uvumaji.

FundiUjiji
Hongera kaka. Kazi iliyobaki ya shingo imalizie nyuzi mpya zikiwa zimefungwa na zimetyuniwa, si kabla.

Waya: kwanza toa skrubu za mkia uone kama kuna waya uliochomoka chini yake. Ukiwepo, kwangua kutu, ubane upya. Kama haupo, itabidi utoe potensiometa ya volyumu kupitia tundu la f. Kabla hujaisukuma ndani, funga mshipi wa kuvulia kwenye shina lake, wa mita moja, uache ncha nje. Ukishapiga lehemu waya mpya mgongoni mwa potensiometa, vuta mshipi nayo inarudi kwenye tundu lake. Bila mshipi utaokoteza kwa waya wa hanga hadi usiku. Ukitaka kubadilisha potensiometa kabisa, nunua ndogo za 500k (kiloomu 500). Zile kubwa zina shingo ya milimita 9.5, na matundu ya magitaa mengi ya Asia ni 8 au pungufu.

Reli_ya_Kati
Uvumaji unatokana na spika kutikisa ubao, ubao unatikisa nyuzi, pikapu inarudisha kwenye ampu. Usisimame ukiielekea spika, punguza besi kwenye ampu, na upenyeze sponji laini kwenye matundu ya f. Usilijaze likabana, litakufa sauti.

Na kwa kiangazi cha Tabora, Juni hadi Oktoba, weka ndani ya kasha kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa. Ubao ukikauka hushuka, nyuzi nazo zinashuka nao. Mvua zikianza unapanda. Pima urefu wa nyuzi misimu yote miwili.

Mwanga_Ridhimu
Siku nyuzi zikifika, badilisha mmoja mmoja ili daraja lisitoke. Na kabla ya uzi wa kwanza kulegezwa, bandika utepe wa karatasi kuzunguka miguu ya daraja, uchore kwa penseli lilipokaa.