Naomba ushauri: panya wamelishwa mahindi ya GMO siku 90, majibu ya ini yananichanganya

Wakuu, habari za leo. Nimepewa ripoti ya jaribio niitolee maoni. Panya walilishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba: kundi moja asilimia 11 ya chakula, jingine asilimia 33. Kimeng'enya kimoja cha ini kimepanda kwa majike wa asilimia 11 tu. Majike wa 33 wako sawa na waliokula mahindi ya kawaida, na madume hawana shida. Mwenzangu anataka tuandike kwamba mahindi yana madhara. Mimi nasita, ila sitaki pia kufukia jambo linalohusu chakula cha watu. Nianzie wapi?

Hadubini: Mkuu, anzia kwenye dozi. Kama ni mahindi yanayoumiza ini, waliokula mara tatu zaidi wangeumia zaidi. Halafu ukipima vitu mia, na kila kimoja kina nafasi ya asilimia 5 ya kuonyesha tofauti isiyo ya kweli, vitano hivi vitatofautiana kwa bahati tu. Uzito wa ini ukoje? Na tishu zake zilionekanaje?

Mama Ghala: Kabla ya takwimu, fungua ukurasa wa chakula. Mahindi ya kulinganishia yanatakiwa yawe ya ukoo uleule, tofauti iwe kile kinasaba kilichoongezwa tu, na yalimwe eneo moja, msimu mmoja. Sumukuvu, yaani sumu za ukungu wa nafaka, je, zilipimwa? Moja yao, aflatoksini, inaharibu ini, mbegu iwe ya GMO au ya kawaida. Watu wengi huruka ukurasa huo, na inaniuma.

Mdadisi: Hoja ya dozi naikubali, lakini siku 90 hazitoshi kusema lolote kuhusu saratani.

Hadubini: Kweli, Mdadisi. Ila kurefusha muda peke yake hakusaidii. Utafiti wa 2012 wa Séralini, mwanasayansi Mfaransa aliyedai mahindi ya GMO yanaleta uvimbe, ulikwenda miaka miwili kwa panya 10 wa kila jinsia katika kila kundi, tena wa aina ya Sprague-Dawley, panya wa maabara ambao wakizeeka hupata uvimbe sana hata bila kulishwa GMO. Jarida lililouchapisha likauondoa 2013, ukachapishwa upya kwingine 2014. Mwongozo wa kupima saratani wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi mbalimbali, unataka angalau 50 wa kila jinsia kwa kundi.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana. Mama Ghala, nimeangalia: sumukuvu zimepimwa kwenye mahindi ya GMO pekee. Ya kulinganishia hayana kipimo chochote.

Mama Ghala: Basi rudisha ripoti, omba hicho kipimo na majibu ya tishu za ini. Mwenzako asiandike "yana madhara", na wewe usiandike "ni salama", mpaka vije.