Asili ya herufi 東
Swali: Nimeelezwa kwamba herufi ya Kichina 東, yenye maana ya mashariki, ni picha ya jua likichomoza katikati ya mti. Je, wenzangu, maelezo hayo ni sahihi?

Jibu la kwanza: Maelezo hayo yamo katika Shuowen Jiezi, kamusi ya Xu Shen iliyokamilika mwaka 100, lakini maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa kwenye mifupa, yanaonyesha mfuko uliofungwa ncha zote mbili, ambao picha yake iliazimwa kuandikia neno la mashariki, kwa kuwa matamshi yake yalikaribiana na ya neno la mfuko huo. Hadithi ya jua inapendeza, ila ushahidi unaikataa.

Jibu la pili: Wajapani huisoma "higashi" ikiwa peke yake, na "tō" katika jina Tokyo, yaani mji mkuu wa mashariki, Wakorea husema "dong". China bara huiandika kwa umbo lililorahisishwa, 东.