UKOO WA CHUMBAGENI

*Jumatatu*

[19:06] Shangazi Temeke: Assalaam alaykum. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, msiniwekee dole gumba tu. Iddi ametimiza miaka mitatu na miezi miwili. Maneno yake ni manne: mama, maji, toka na "ba". Hiyo "ba" ndiyo gari, ndiyo mpira, ndiyo baba yake. Jana nilikaa nyuma yake nikamwita taratibu, kimya. Nikachezesha pakti ya biskuti, kimya. Nikagonga sufuria kwa mwiko, akageuka. Alhamisi anakwenda Muhimbili kupimwa masikio. Mimi nina zamu, nataka jina la mtu atakayefuatana na Mama Iddi. Mchango elfu kumi kumi.

[19:31] Ba' Mkubwa Morogoro: Wa alaykum salaam. Si umesema amegeuka? Basi anasikia. Huyo anangoja Yanga ifungwe ndiyo aseme 😂

[19:32] Binamu Hamisi: Basi atabaki bubu 😂😂💚💛

[19:33] Ba' Mkubwa Morogoro: Subirini Jumamosi 🦁

[19:34] Binamu Hamisi: Jumamosi ipi tena jamani 🤣

[19:40] Shangazi Temeke: Hamisi, futa hilo neno. Kaka, kugeukia sufuria si kusikia maneno. Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, lori mtoto atalisikia, lakini "s", "f" na "sh" zinampita. Mmesahau masika sikio lilivyotoa usaha? Leo anasikia, wiki ijayo hasikii, nanyi mnamwita mkaidi.

[19:52] Ba' Mkubwa Morogoro: Ulimi umeshikwa huyo. Huku yupo mzee anakata kimeo, dakika moja tu.

[19:54] Shangazi Temeke: Hapana! Kimeo kiko kooni, maneno hayatoki huko. Watoto wanavuja damu na kupata maambukizi bure. Na ulimi ulioshikwa utaharibu herufi mbili tatu, haumnyimi mtoto maneno.

[19:58] Ba' Mkubwa Morogoro: Haya daktari. Tukiambiwa ni kiziwi, India tunakwenda na nini?

[20:03] Shangazi Temeke: Wa India alikuwa zamani. Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu hapahapa. Na ikiwa ni maji tu, hatutafika huko. Tupime kwanza.

[20:20] Mama Iddi: Asante wifi. Zahanati niliambiwa ningoje, eti wa kiume huchelewa. Tena nikaambiwa Kisambaa cha Bibi ndicho kinachomchanganya. Tangu nimwambie mama, akija anakaa naye kimya, anamkata kucha tu.

[20:31] Shangazi Temeke: Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Sisi sote hapa tumekulia Kisambaa na Kiswahili. Na hebu acheni ile "sema! sema!" mnayomfanyia mbele ya wageni. Chuchumaa muonane macho. Shika chungwa na ndizi, muulize chungwa au ndizi, halafu UNYAMAZE, hesabu mpaka kumi moyoni. Akisema "maji", wewe mwambie "maji baridi". Akisema "ba" ameshika gari, mwambie "gari, gari linakwenda". Usimcheke. Simu ya katuni muwekeeni mbali, haimjibu.

[20:44] Binamu Mwanaidi: Samahani, kuna mwenye namba ya fundi bomba Tandika?

[20:45] Binamu Hamisi: Mwite Iddi aje kusema maji baridi 😅

[21:15] Shangazi Korogwe: Elfu kumi. Salimu wangu ana miaka minne niliomba nauli tu ya kuja Dar. Mkaniambia atasema tu, hata babu yake alichelewa. Kaja kupimwa ana miaka saba. Mpaka leo akinipa mgongo simwiti, nasogea nimguse bega.

[21:29] Ba' Mkubwa Morogoro: Yale yalishapita mdogo wangu.

[21:30] Shangazi Korogwe: Kwako yalipita.

*Jumanne*

[06:12] Simu ya Bibi: Shikamooni, ni Rehema naandika. Bibi anasema: Mama Salimu, aliyesema "atasema tu" ni mimi. Wenzako walinifuata mimi. Nilikosea mwanangu. Huyu asingojwe. Kimeo chake asikiguse mtu. Kesho napanda basi la asubuhi, nitakaa naye nimsemeshe lugha yangu. Mama Iddi, usinikataze tena.

[06:14] Mama Iddi: Shikamoo mama. Karibu sana. Nisamehe.

[06:20] Binamu Hamisi: 🚫 _Ujumbe huu umefutwa_

[06:21] Binamu Hamisi: Shikamoo Bibi. Nisamehe shangazi. Elfu ishirini nimetuma.

[07:05] Ba' Mkubwa Morogoro: Shikamoo mama. Nimesikia.

[07:30] Shangazi Temeke: Nimepokea kwa watatu tu. Humu tuko ishirini na sita! Baba Iddi, tiki zako za bluu naziona tangu jana. Unakwenda au huendi?

[13:47] Baba Iddi: Shikamoo dada. Niko kazini. Naomba ruhusa, nitajibu jioni.

[18:10] Shangazi Korogwe: Salimu anasema atakwenda yeye, chuoni kwao Alhamisi hana kipindi. Kile chumba anakijua. Anasema wanamvisha mtoto spika za masikioni, kila akisikia mlio anatia kitu kwenye ndoo. Iddi aanze kuzoea leo: mkigonga, atie kifuniko cha soda kwenye kopo. Wakimvisha ghafla atalia, hawatapata kitu.

[18:22] Mama Iddi: Tumejaribu sasa hivi. Nikigonga meza anatia. Nikinong'ona ananitazama mdomo.

[18:24] Shangazi Temeke: Hilo la mdomo mwambie daktari vilevile ulivyoandika. Na ukitoka kwenye masikio, hata wakisema mazima, usirudi nyumbani: omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa usemi. Hao ni wachache, foleni ni ndefu, jina liingie mapema. Salimu afike Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Nauli yake nani anatoa?

[18:51] Ba' Mkubwa Morogoro: Ya Salimu natoa mimi. Kwenda na kurudi.

[18:52] Shangazi Korogwe: Sawa kaka.

[20:40] Shangazi Temeke: Baba Iddi, jioni imeshafika. Na kadi ya bima ya mtoto iko wapi? Mama Iddi anasema kwako.

[22:16] Baba Iddi: Ngoja niitafute.