Stika za kuskani kwenye lindo, zinasaidia kweli au walinzi watazizoea tu?

Mkazi_Kurasini:
Wakuu habari za majukumu. Nasimamia yadi ya maghala huku Kurasini, Dar, walinzi ni wa kampuni tuliyoingia nayo mkataba, usiku wanakuwa 3, mmoja getini wawili wa kuzunguka. Kinachonisumbua ni OB, kile kitabu cha kuandika matukio ya lindo. Nikiifungua asubuhi nakuta saa 6 usiku hali shwari, saa 7 hali shwari, saa 8 hali shwari, mpaka saa 11, mwandiko mmoja, peni moja, mistari imenyooka kama imeandikwa mezani kwa dakika tano, na hiyo ni hata usiku ambao mvua imepiga mpaka yadi ikajaa maji. Majuzi lori lililolala humo ndani limenyonywa dizeli na betri zote mbili zimeng'olewa, upande wa nyuma kule kwenye mtaro, OB inasema hali shwari. Inaniuma sana maana dereva ndo alikuwa wa kwanza kushukiwa na hakuhusika.

Sasa bosi anataka tubandike stika za QR kila kona, mlinzi akipita anaskani na simu na ripoti inaingia kwangu. Naomba kujua toka kwa waliofunga kitu kama hiki: QR inatosha au niende kwenye tagi za NFC, zile za kugusisha simu? Simu iwe ya mlinzi au ya ofisi? Na bando litakula kiasi gani maana huku nyuma mtandao unakata kata. Nawasilisha.

FundiTagi:
Mkuu pole kwa hilo. QR ya karatasi peke yake usiitegemee. Mlinzi akishachoka anazipiga picha zote mchana mmoja, usiku anakaa kibandani na simu mbili, moja inaonyesha picha nyingine inaskani, na kwenye ripoti yako atakuwa amezunguka yadi nzima tena kwa wakati. Hiyo mbinu ipo kila sehemu na wala haihitaji utaalamu. Kama bajeti inakulazimisha QR basi apu iwe inachukua na GPS papo hapo, ila ujue GPS ya simu nje kwenye uwazi inakosea kama mita 5 hivi, ukiingia katikati ya makontena na kuta za mabati inayumba zaidi, na pia kuna apu za kudanganya lokesheni kwahiyo simu isiachwe wazi kila mtu aingie kwenye setingi. Printi QR kwa kiwango cha juu cha kurekebisha makosa, kile cha H, kinasomeka hata kama karibu 30% ya alama imechubuka au ina matope, halafu ipige laminesheni.

NFC ni bora kwa sababu lazima ufike. Simu inasoma kwa sentimita kama 4 tu, picha haikusaidii kitu. Tagi haina betri, inapata umeme kutoka kwenye simu yenyewe. Angalizo ni mawili. Moja, ukiibandika moja kwa moja kwenye geti la chuma au bati haisomi, unatakiwa ununue zile zenye utando wa feraiti nyuma, za kuwekwa kwenye chuma. Pili, simu nyingi za bei ya chini hazina NFC kabisa, kwahiyo angalia kabla hujalipa. Tagi za kawaida mtu mwenye vifaa anaweza kuzinakili, ila kuna chipu kama NTAG 424 DNA ambayo kila ukigusa inatoa ujumbe mpya uliosainiwa, nakala haifui dafu. Kwa yadi ya malori sidhani kama unahitaji kufika huko.

Bando lisikuumize kichwa. Skani moja ni maandishi kidogo mno, kinachokula ni picha. La msingi apu ihifadhi kwenye simu mtandao ukikata kisha itume ukirudi, na iwe inahesabu muda tangu simu iwashwe, isiamini saa ya kwenye skrini, maana hiyo mtu anairudisha nyuma akijisikia.

Simu iwe ya ofisi. Hapo sina mjadala.

Zamu_ya_Usiku:
Habari wakuu. Mimi ni mlinzi, naomba mnisikilize na mimi.

Mkazi hao wawili wanakula saa ngapi? Umewahi kuuliza? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unapata mapumziko ya angalau dakika 60, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Malindo mengi hivyo vitu tunavisikia tu. Sasa mtu hajala, hana koti la mvua, tochi ni ya kwake mwenyewe, unamletea stika 20 za kuskani kila saa. Ataskani, kazi anaitaka, ila atakuwa anatafuta stika, ukuta hauangalii. Na hilo ndo nataka mlishike, skani inaonyesha mkono umefika pale, haionyeshi kama macho yalikuwa yanafanya kazi. Mimi nikipita kwenye lori natazama tangi limefungwa au la, nanusa kama kuna dizeli imemwagika, naangalia kama udongo wa chini ya ukuta umekanyagwa. Hivyo vitu vinataka dakika mbili tatu za kusimama na kutulia, mfumo ukinihesabia muda mpaka nikimbie basi siangalii tena.

Jingine ni ratiba. Mwizi wa yadi hakurupuki, anakaa upande wa pili anasoma mwendo wenu, akijua kila saa kamili mnapita nyuma anaingia saa na dakika kumi anafanya yake kwa raha. Mpangilio ubadilike kila usiku, leo tuanzie nyuma kesho tuanzie getini. Na simu ukiiwasha gizani uso mzima unamulikwa, yeye anakuona wewe humuoni, na ukitoka kwenye mwanga ule macho hayaoni kitu gizani kwa muda. Skrini ipunguzwe mwanga hadi mwisho, na iwe kugusa tu kisha inatetemeka basi, nisianze kujaza fomu saa 9 usiku.

SwalehMsa:
Niko Mombasa. Namuunga mkono Zamu ya Usiku mia kwa mia. Na hii kitu si geni, tangu 1855 huko Ujerumani jamaa mmoja, Johannes Bürk, alitengeneza saa ya kubebwa na mlinzi, funguo zimefungwa kwenye pointi, akifika anaingiza ufunguo kwenye saa inaacha alama kwenye karatasi iliyofungiwa ndani asiweze kuigusa. Baadaye zikaja zile fimbo za kugusa vitufe vya chuma ukutani, bado ziko na bado zinafanya kazi, hazina skrini ya kummulika mtu, ni ngumu, chaji inakaa muda mrefu, sema data unaitoa asubuhi kwa kompyuta kwahiyo usiku ule hujui kinachoendelea. Kama wataka kujua papo hapo chukua simu, kama wataka ushahidi wa asubuhi tu fimbo inakutosha na hakuna mtu atamnyang'anya mlinzi fimbo akauze.

Halafu waandikie walinzi kwa Kiswahili kinachoeleweka mnachukua taarifa gani na zinakaa muda gani. Kwetu kuna sheria ya data ya 2019, kwenu iko ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lokesheni ya mtu ni taarifa yake, zamu ikiisha simu inabaki ofisini, usimfuatilie mpaka nyumbani kwake.

Mkazi_Kurasini:
Asanteni sana, hasa kaka wa Zamu ya Usiku, la chakula nimelibeba na kesho naongea na kampuni yao, na koti na tochi nitazinunua kwa bajeti ya yadi nisisubiri mtu. Nimeamua NFC na simu moja ya ofisi kwa kila anayezunguka. Swali langu la mwisho, pointi niweke ngapi, na mtu akikosa pointi ripoti imfikie nani? Kampuni yao inasema mfumo watausimamia wao watanitumia ripoti kila mwezi.

FundiTagi:
Ripoti ya kila mwezi kutoka kwao ikatae kabisa, hiyo ni OB ileile imehamia kwenye kompyuta. Weka kwenye mkataba kwamba na wewe unaingia kwenye mfumo muda wowote na unaona skani ghafi zilivyoingia. Pointi anza na 6 au 7, zunguka nao usiku wao wenyewe ndo wakuonyeshe wapi pana hatari, wanajua kuliko mchoro wako. Tagi usiibandike njiani, iweke pale ambapo ili uiguse lazima uone kitu unachokilinda, mfano nguzo inayotazama matangi ya malori.

Pointi ikikosekana kwa dakika 15 taarifa iende kwanza getini, mwenzake ampigie redio, maana anaweza kuwa ameanguka au amevamiwa. Asipojibu ndo ije kwako na kwa supavaiza. Ikitoka moja kwa moja kwa bosi itaanza kuwa ya kukatana mishahara na hakuna atakayekwenda kumtazama mwenzake.

Na kule mtaroni funga taa ya sensa kabla ya hiyo tagi.

Zamu_ya_Usiku:
Hiyo taa ielekee ukutani, isielekee njia ya mlinzi. Na wawili hao waende nyuma pamoja, hata kama pointi za mbele zitachelewa.